Imamu al-Ghazali na Tonge Lililokataa Kushuka

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake wote. Amma baad:

Kila Ramadhani inapokaribia hutujia swali moja kwa sura nyingi. Binti anauliza juu ya mama yake ambaye chakula kinamkwama kifuani, na bado hataki kusikia habari ya kuacha kufunga. Kijana anauliza iwapo saumu yake ingali sahihi, maana kila akisujudu maji machungu humpanda kooni. Mke anauliza afanye nini na mawifi zake wanaosema mume wake amefanyiwa hasadi, kwa sababu kila akialikwa karamuni hula matonge mawili akanawa.

Majibu ya kifiqhi yapo, na tutayataja mwishoni kwa ufupi. Kabla ya hapo napenda tukae na mtu mmoja ambaye jina lake halikauki midomoni mwa walimu wetu wa madrasa, na ambaye maradhi ya koo na tumbo yalimshika akiwa katika kilele cha umaarufu wake. Naye ni Hujjatul Islam, Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, Allah amrehemu.

Mtoto wa msokota sufu

Alizaliwa mwaka 450 H (1058) katika mji wa Tabaran, eneo la Tus, nchi ya Khurasan. Leo eneo hilo limo Iran, karibu na mji wa Mashhad. Baba yake alikuwa mtu wa kipato kidogo, akisokota sufu na kuiuza dukani kwake. Elimu hakuipata, lakini alipenda vikao vya wanazuoni, akilia anapowasikiliza na kumwomba Allah amruzuku watoto watakaokuwa kama wao. Alipohisi mauti yamemkaribia aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na mdogo wake Ahmad, kwa rafiki yake mmoja mcha Mungu. Alimpa na akiba yake yote, ndogo kama ilivyokuwa, akamwusia aitumie hata ikiisha, muhimu watoto wasome.

Akiba ikaisha kweli. Yule rafiki naye alikuwa fakiri, hana cha kuongeza. Akawashauri wale vijana waingie madrasa kama wanafunzi, kwani wanafunzi walikuwa wakipewa posho ya chakula. Wakaenda.

Jambo hili tulishike vizuri, ndugu msomaji. Mlango wa kwanza alioingilia Imamu al-Ghazali kwenye elimu ulikuwa mlango wa njaa. Yeye mwenyewe hakulificha hilo alipokuwa mtu mzima. Alikiri kuwa walianza kuitafuta elimu si kwa ajili ya Allah, ila elimu yenyewe ikakataa kuwa ya mwengine asiyekuwa Yeye. Mzazi ambaye mtoto wake anakwenda chuoni kwa sababu ya uji wa asubuhi asikate tamaa.

Alisoma fiqhi kwao Tus, kisha akasafiri hadi Jurjan. Katika kurudi, msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu pamoja na mfuko wenye daftari zake za masomo. Alimfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie zile karatasi tu, kwani ndizo elimu yake yote. Yule mwizi akamcheka: vipi mtu adai ana elimu, naye akinyang'anywa karatasi anabaki hana kitu? Akamrudishia. Maneno yale yalimchoma, na alipofika kwao alikaa miaka mitatu akayahifadhi yote aliyoyaandika.

Kisha akahamia Nishapur kwa Imamul Haramayn al-Juwayni, mkubwa wa Mashafii wa zama zake, akabaki naye mpaka shekhe alipofariki mwaka 478 H (1085). Sisi watu wa visiwani tuna fungu letu katika kisomo kile. Kitabu kikubwa cha al-Juwayni, al-Ghazali alikifupisha katika al-Basit, kisha al-Wasit, kisha al-Wajiz. Kutoka njia hiyo akaja ar-Rafii na al-Muharrar, na kutoka al-Muharrar Imamu an-Nawawi akatoa al-Minhaj, ambao masheikh wetu wameusomesha Unguja na Pemba kizazi baada ya kizazi. Anayesoma Minhaj leo barazani anakunywa kwenye mto uliopita kwa al-Ghazali.

Baghdad na kilele cha jaha

Baada ya kufa shekhe wake alikwenda kwenye kambi ya waziri Nizam al-Mulk, aliyekuwa akiendesha dola ya Waseljuki na ambaye alijenga madrasa kubwa zilizoitwa kwa jina lake, Nizamiyya. Waziri alikuwa akipenda kuwakutanisha wanazuoni wajadiliane mbele yake. Al-Ghazali alizishinda hoja za wengi, na mwaka 484 H (1091), hata hajatimiza miaka 35, akateuliwa kuwa mwalimu mkuu wa Nizamiyya ya Baghdad, mji wa khalifa.

Darsani kwake walikaa wanafunzi wapatao mia tatu. Aliandika mfululizo, akafundisha, akatoa fatwa, na watawala wakamtaka rai. Inasimuliwa kuwa alipoingia Baghdad, watu waliithamini nguo aliyovaa na mnyama aliyempanda kuwa ni dinari 500. Katika Muharram ya mwaka 488 H, yaani Januari 1095, alimaliza kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, kitabu ambacho mpaka leo kinasomeshwa katika vyuo vikuu vya Mashariki na Magharibi.

Lakini dunia iliyomzunguka ilikuwa ikitikisika. Mwaka 485 H (1092) Nizam al-Mulk aliuliwa njiani, na haukupita muda mrefu Sultani Malik Shah naye akafa. Warithi wakaanza kupigania ufalme. Na ndani ya nafsi yake pia kulikuwa na vita. Alijichunguza akaona kuwa kufundisha kwake hakukuwa kwa ajili ya Allah peke yake, bali kulisukumwa na kupenda sifa na cheo. Siku moja huazimia kuiacha Baghdad, siku ya pili azma ikavunjika. Asubuhi hutaka akhera, jioni jeshi la matamanio likamrudisha nyuma. Hali hiyo ilimkalia karibu miezi sita.

Rajab ya mwaka 488

Katika Rajab ya mwaka 488 H, Julai 1095, jambo lilitoka mikononi mwake. Ameyaeleza mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh min ad-Dalal, na ni nadra kumwona mwanachuoni wa cheo chake akiandika udhaifu wa mwili wake kwa uwazi kama ule.

Kwanza ulimi ulifungika. Alikuwa akijilazimisha kusomesha siku moja tu ili kuwaridhisha wale waliotoka mbali kumsikiliza, na neno moja halikutoka. Kule kunyamaza kukamtia huzuni moyoni, na huzuni ikashuka hadi tumboni. Hamu ya kula na kunywa ikaondoka. Hata chakula laini hakikuteremka kwa wepesi, na tonge likishuka tumbo halikulisaga. Nguvu zikamwisha.

Tumfikirie mtu huyu. Alikuwa na umri wa miaka 38 kwa hesabu ya Hijria. Ndiye sauti kubwa kuliko zote Baghdad, na sasa hana sauti. Yule aliyeingia madrasani akiwa mtoto ili apate chakula, leo anaweza kupata chakula chochote atakacho, na hakuna kinachopita kooni.

Waliletwa matabibu. Walimpima, wakamtibu, kisha wakakata tamaa na dawa zao. Waliona kuwa jambo hili limeushukia moyo, na kutoka moyoni limeenea katika mwili, na kwamba hakuna njia ya kulitibu mpaka moyo upumzishwe na hamu iliyouelemea.

Hapa nataka nisimame, kwa sababu kisa hiki huweza kusomwa vibaya. Mtu anaweza kusema: unaona basi, maradhi ya koo ni ya moyoni tu, mgonjwa azidishe dhikri yatamtoka. Hivyo sivyo. Al-Ghazali aliletewa matabibu kwanza. Walipomaliza kazi yao na kusema kuwa chanzo hakipo tumboni, ndipo lilipojulikana kuwa jambo ni la moyo. Mpangilio huo una maana kubwa, nami nimejifunza umuhimu wake kwa machungu.

Nilipokuwa kijana, mara tu baada ya kuanza kusomesha, marehemu mjomba wangu alianza kuchelewa kula. Wali ukimkwama, alikuwa akijipiga kifuani na kusukumia kwa maji. Baadaye akaacha wali akawa anachovya mkate kwenye chai. Baadaye akawa na uji tu. Nyumbani walisema ni vidonda vya tumbo, kama tunavyoviita vyote vya tumbo. Wengine wakasema ni jicho la watu. Nikaitwa mimi nimsomee, kwa kuwa ndiye niliyesoma katika ukoo. Nikamsomea, tukamwandikia kombe akanywa. Kumsomea mgonjwa ni Sunna na sijutii hata herufi moja. Ninachojutia ni kuwa nilikaa naye jioni nyingi, nikaiona kanzu inamzidi mwili wiki hadi wiki, na sikumwambia hata siku moja: mjomba, kesho nakupeleka spitali. Alipopelekwa, uvimbe ulikuwa umeshalibana koo la chakula na muda ulikuwa umekwenda. Allah amrehemu na atusamehe sisi.

Kwa hiyo naomba ndugu zangu wayajue haya machache ambayo madaktari wanatufundisha. Pale koo la chakula linapokutana na tumbo pana msuli wa mviringo, hufunguka tonge likipita na kufunga baada yake. Ukilegea, asidi ya tumbo hupanda juu, na hicho ndicho kiungulia. Wengi hupatwa nacho mara moja moja baada ya mlo mzito, lakini kikiwa cha miaka, asidi huweza kulichoma koo na kuacha kovu linalolifanya jembamba, hapo chakula huanza kukwama. Wako ambao koo lao huvimba kwa sababu ya chakula ambacho mwili hauelewani nacho, mara nyingi maziwa, ngano au mayai. Wako ambao wasiwasi hulibana koo bila ya kidonda chochote. Na wako wenye saratani, na Afrika Mashariki yetu ni miongoni mwa sehemu za dunia ambazo saratani ya koo la chakula huonekana kwa wingi.

Dalili za mwanzo za hayo yote hufanana, na mtu wa nyumbani hawezi kuyatenganisha kwa macho. Chakula kikimkwama mtu mara kwa mara, akikonda bila sababu, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, asingojee. Aende spitali, na akitakiwa kuingizwa kamera ya kuangalia koo, akubali.

Kutoka Baghdad

Turudi kwa Imamu. Alipoona kuwa hana tena hila, alimwelekea Allah kwa maombi ya mtu aliyefungiwa kila mlango. Anasema kuwa Mwenye kumjibu aliyedhikika alimjibu, akamfanyia wepesi moyoni kuacha cheo, mali, watoto na marafiki.

Katika Dhulqaada mwaka huo huo wa 488 H (Novemba 1095) aliondoka. Alitangaza kuwa anakwenda Makka, na huku ameazimia kukaa Sham, kwa kuhofia khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Mali yake aliigawa, hakubakisha ila kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Angalieni hapo: hata katika siku aliyoikimbia dunia hakuwaacha watoto bila ya chakula. Nafasi yake katika madrasa aliishika mdogo wake Ahmad, yule yule waliyekabidhiwa pamoja utotoni.

Alikaa Damascus karibu miaka miwili, akijifungia mchana katika mnara wa Msikiti wa Bani Umayya kwa ibada na kuisafisha nafsi. Kisha akenda Baytul Maqdis, akawa akijifungia kwenye Kuba la Mwamba. Alizuru mji wa al-Khalil, alipozikwa Nabii Ibrahim, alayhi salam, na hapo akaweka ahadi kuwa hatokwenda tena kwa mtawala, hatochukua mali ya mtawala, wala hatoingia katika mijadala ya kushindana. Kisha akahiji. Baada ya hapo mapenzi ya watoto na miito yao vikamvuta nyumbani, akarudi Tus baada ya kuwa mtu wa mwisho kufikiria kurudi.

Kuanzia siku aliyotoka Baghdad hadi siku aliyorudi kusomesha hadharani ilipita miaka 11. Ule ulimi uliofungika ulifunguka kwa njia nyengine, kwani ndani ya miaka hiyo aliandika Ihyaa Ulumid-Din, vitabu arubaini katika robo nne. Inasimuliwa kuwa walipoithamini tena nguo aliyovaa baada ya kushika zuhudi, haikufika hata dinari moja.

Aliyoyaandika juu ya chakula

Katika robo ya pili ya Ihyaa, kitabu cha kwanza kabisa ni cha adabu za kula. Kabla ya ndoa, kabla ya kazi na biashara, ameanza na sahani. Anayekisoma huku akijua yaliyompata Baghdad hukisoma kwa jicho jengine. Anafundisha kuwa tonge liwe dogo na litafunwe vizuri, na mkono usinyooshwe kwenye tonge jengine mpaka lile la kwanza limezwe. Chakula cha moto kisipulizwe, bali kingojewe mpaka kiwe chepesi kulika. Maji yanywewe kwa mafunda matatu, kwa kunyonya taratibu na si kwa kugugumia. Mtu aondoke kabla ya kushiba sana. Daktari wa leo akimpa mgonjwa wa kiungulia orodha ya mashauri, mengi yatakuwa humo. Hata lile la vinywaji vya moto: taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza mwaka 2016 kuwa vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, yumkini husababisha saratani ya koo la chakula. Sisi wapenzi wa kahawa ya barazani tusikie.

Na liko jambo ambalo kila mwenye nyumba katika visiwa vyetu anahitaji kulisikia. Al-Ghazali ameandika kuwa mwenyeji anaweza kumhimiza mgeni ale, lakini asizidishe mara tatu. Ama kumwapia kiapo kuwa lazima ale, hilo limekatazwa. Ndugu zangu, ni mara ngapi harusini au khitmani tumemwona mtu anakula kidogo tukamwapia wallahi lazima umalize? Tukamwongezea nyama, tukamwongezea pilipili na achari, na akikataa tukasema ana kiburi, au haamini mikono ya mpishi. Huenda mtu yule tangu asubuhi anaiogopa sahani ile. Huenda usiku atalala amekaa kwa kuwa akilala chali anasongwa.

Katika robo ya tatu amekuja na kitabu cha kuvunja shahawa mbili, ya tumbo na ya tupu. Amesifu njaa kwa kurefusha, akahesabu faida zake kumi. Baadhi ya vijana huishia kurasa hizo, wakajitesa. Lakini Imamu mwenyewe anabainisha baadaye kuwa njaa ile ni dawa ya kuitiisha nafsi iliyoasi, na kwamba lililo bora katika asili ni wastani: mtu ale kiasi ambacho hahisi uzito wa tumbo wala hahisi maumivu ya njaa. Hii inakubaliana na hadithi mashuhuri aliyoipokea al-Miqdam bin Maadikarib na kuitoa at-Tirmidhi, juu ya theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi.

Na juu ya dawa, katika kitabu cha tawakkul amegawa sababu mafungu matatu. Ziko za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa, na kuziacha hizo si tawakkul, bali ni haramu mtu anapohofia kufa. Ziko za dhana yenye nguvu, kama dawa za matabibu, na kuzitumia hakupingani na tawakkul hata kidogo. Na ziko za kudhania tu. Tena katika kitabu cha elimu, cha kwanza kabisa cha Ihyaa, ameitia tiba katika faradhi za kutosheleza na akalalamika kuwa miji mingi haina tabibu Muislamu, na huku watu wanasongamana kwenye fiqhi na mijadala kwa kutafuta vyeo. Ni miaka mia tisa na zaidi tangu aseme hayo. Mwenye binti anayeweza sayansi skuli na ayazingatie.

Nilikuwa nimeyasoma haya yote kabla ya mjomba kuugua. Nilikuwa nayo daftarini, kama ilivyokuwa elimu ya yule kijana kabla ya wanyang'anyi.

Mwisho wa umri

Mwaka 499 H (1106) waziri Fakhr al-Mulk, mtoto wa Nizam al-Mulk, alimtaka kwa mkazo arudi kusomesha katika Nizamiyya ya Nishapur. Alishauriana na watu wema, akakubali, lakini akaeleza kuwa kurudi huku si kule: zamani alikuwa akiieneza elimu inayoleta jaha, na sasa anaita kwenye elimu inayofanya jaha iachwe.

Baadaye akarejea kwao Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makazi ya watu wa ibada. Wakati wake akaugawa baina ya kukhitimisha Qur'ani, kukaa na watu wema na kusomesha. Katika siku zake za mwisho alijishughulisha na kusikiliza hadithi za al-Bukhari na Muslim, kama mwanafunzi anayeanza.

Ndugu yake Ahmad amesimulia kuwa asubuhi ya Jumatatu, tarehe 14 Jumada ya pili mwaka 505 H, sawa na tarehe 18 Disemba 1111, alitawadha, akasali, akaomba sanda yake. Akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akaonesha utiifu kwa mwito wa Mfalme. Kisha akanyoosha miguu, akaelekea kibla, na jua halikuchomoza ila ameshaondoka. Alikuwa na miaka 55 ya Hijria. Mimi ninayeandika nimo katika umri huo huo, na najiona sijaanza. Hakuacha mtoto wa kiume, aliacha mabinti, na aliacha vitabu vinavyosomwa mpaka leo kila penye Waislamu.

Yanayotuhusu sisi

Kwa wale walioleta maswali, haya ndiyo majibu kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii.

Mgonjwa ambaye saumu inamletea mashaka makubwa, inamzidishia maradhi au inachelewesha kupona, anaruhusiwa kula na kulipa siku nyengine. Akihofia kufa au kupata dhara kubwa, basi kula kunamwajibikia, na kufunga kwake si ucha Mungu. Ikiwa daktari mwaminifu amesema maradhi yake hayatarajiwi kupona kiasi cha kuweza kufunga, atatoa kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa kwa wingi hapa kwetu, yaani mchele, kwa kila siku, na hana kulipa.

Maji machungu yakipanda kooni na kurudi yenyewe, saumu ni sahihi. Yakifika kinywani, ayateme. Akiyameza kwa makusudi na hali anaweza kuyatema, saumu imebatilika. Kutapika bila ya kukusudia hakubatilishi saumu, kujitapisha kunabatilisha. Kutapika hakutengui udhu, lakini matapishi ni najisi, kwa hiyo kinywa na nguo vioshwe kabla ya sala.

Anayeweza kufunga, dawa yake ya kupunguza asidi apangiwe na daktari wake wakati wa futari na daku. Afuturu kwa tende na maji, aanze na chakula laini, zile bajia na sambusa aziache, na asilale tumbo likiwa limejaa. Chakula ambacho mwili wake unakikataa, akiache bila haya, na watu wa nyumbani wampikie chungu chake bila ya kunung'unika. Kumpikia mgonjwa uji usio na maziwa ni sadaka.

Mgonjwa asomewe Qur'ani, aombewe dua, na apelekwe spitali. Matatu haya hayapigani. Na ikiwa madaktari wamepima wakakuta koo na tumbo havina kitu, tusimdharau kwa kusema anajifanya. Tumkalie, tumwulize ni hamu gani aliyoibeba, kwani wapo wanaobeba madeni, misiba na siri ambazo hazijapata mtu wa kuambiwa, na Imamu mkubwa kuliko sote aliwahi kushindwa kumeza kwa sababu ya yaliyokuwa moyoni mwake.

Na wewe unayesoma haya huku unamjua mtu nyumbani kwako anayesukumia tonge kwa maji, usimalize wiki hii bila ya kumshika mkono.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awafanyie wepesi wanaoteseka na vyakula vyao, amrehemu Imamu al-Ghazali na masheikh zetu na wazee wetu waliotangulia, na atuwafikishe kuitumia elimu kabla ya kuijutia. Amin.

Wallahu aalam.